Foki Kwanza

Jumamosi, 1 Machi
Mwalimu kauliza tena: mteremko wa Mai Mahiu tunashuka lini? Yeye haoni, anakaa nyuma na kupiga pedali, mimi rubani. Tangu asikie habari za Douglas Sidialo, aliyepofushwa na bomu la Nairobi la 1998 kisha akaendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town, barabara tambarare hazimtoshi.

Usiku nimepiga hesabu. Sisi wawili pamoja na baiskeli ni kama kilo 180. Tukiteremka mita 400 polepole, breki zitameza takriban kilojuli 700, joto la kuchemsha lita mbili za maji. Breki zetu zinabana ringi, na tyubu iko papo hapo. Ipasukie konani, nyuma yetu malori! Lazima breki za diski.

Jumanne, 4 Machi
Fundi ameniletea foki ya diski iliyotolewa kwenye baiskeli ya milimani. "Hii inabeba chochote, bosi." Nimeigeuza juu chini. Kalipa ya breki hukaa nyuma ya mguu wa kushoto. Ukifunga breki, gurudumu linasukumwa chini, na mwanya wa foki hii uko wazi huko huko chini. Kilichobaki kulishikilia ni kikono cha kukaza tu. Nataka ekseli nene ya milimita 15, inayopita kwenye matundu yasiyo na mwanya upande wowote.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Baiskeli ya mtu mmoja, ukiibana breki ya mbele kupita kiasi, inakurusha juu ya usukani. Yetu ni ndefu, haipinduki kirahisi hivyo, kwa hiyo breki ya mbele inaweza kubanwa hadi tairi lianze kuteleza. Mzigo wote huo unabebwa na foki, hasa mguu wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi
Breki zenyewe hazikunisumbua sana. Diski za milimita 203, mbele na nyuma. Za mafuta ni laini mkononi, lakini mafuta yakichemka mteremkoni mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani bila kushika kitu. Nachukua za waya, Avid BB7: pedi zikilika unazisogeza kwa vidole, hata kando ya barabara.

Jumapili, 9 Machi
Nimempeleka Mwalimu kuona foki ya chuma iliyotengenezwa kwa baiskeli za watu wawili. Ameipapasa toka juu, vidole vikasimama kwenye mguu wa kushoto. "Ndugu yangu, huu mnene kuliko ule." Kweli. Muuzaji ametuonyesha karatasi ya kiwanda: diski hadi 203, na uzito wetu umo. Ile ya fundi haikuwa na karatasi yoyote. Nimeikataa, ingawa bei yake ni nusu.

Nimelipa arbuni. Breki tutanunua mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo Mai Mahiu hatushuki, Mwalimu anune asinune.