"MIAKA MIWILI TU?" HUKUMU SIYO BEI YA MTU, JAMANI

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani na nani kanunua gari la nani. Nataka tuongee kitu kizito, kwa sababu kila ikitoka hukumu ya kijana aliyeua, mtandaoni linarudi neno lile lile: "tu". Miaka miwili TU? Minne TU? Yaani siku hizi mtu ni bei rahisi hivyo?

Majina sitaji. Mnaowajua mnawajua, na ambao hamuwajui hampungukiwi kitu.

Tuanze na ile kesi ya Bongo Movie ambayo nchi nzima iligeuka jaji. Aprili 2012 staa mkubwa kabisa wa filamu zetu alifariki usiku, nyumbani kwake Sinza. Mimi nilikuwa form one, na nakumbuka jinsi mtaa ulivyonyamaza halafu ukalipuka kwa maneno. Binti aliyekuwa naye chumbani, naye msanii, alifikishwa Kisutu siku chache baadaye kwa shtaka la mauaji. Kwenye karatasi za mashtaka aliandikwa ana miaka 18. Mawakili wake wakasema hapana, ana 17. Sisi mtaani tuliona mwaka mmoja ni nini bwana, lakini mabishano ya umri yalifika mpaka Mahakama ya Rufani. Na yalikuwa na maana, kwa sababu sheria yetu ya mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hafungwi jela kama mtu mzima, wala hanyongwi.

Akakaa Segerea miezi kadhaa. Shtaka likabadilika kutoka kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia, na mwanzoni mwa 2013 akapata dhamana. Halafu kimya kirefu. Akarudi kuigiza, akachukua na tuzo. Novemba 13, 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani, miaka miwili jela. Mei 2018 akatoka kumalizia adhabu kwa kifungo cha nje, yaani kazi za jamii.

Mnakumbuka makelele? Kundi la kwanza lilisema kapendelewa kwa sababu ni staa na ni mrembo, angekuwa muuza karanga angeozea ndani. Kundi la pili likasema kaonewa, alikuwa mtoto, mwenye ukubwa na nguvu alikuwa mwenzake, kwa nini afungwe hata siku moja. Na wote wawili, ukisikiliza vizuri, walikuwa wanafanya hesabu moja. Wanaweka marehemu upande mmoja wa mzani, miaka upande wa pili, halafu wanagomba kwamba mzani umelala.

Mimi nasema mzani huo haupo. Kama ni kulinganisha uhai na miaka, basi hata 30 ni "tu". Hata 100. Hakuna namba ambayo mama wa marehemu ataisikia aseme sawa, sasa tumelipana. Hukumu haipimi thamani ya aliyekufa. Inapima kosa la aliye kizimbani: alitaka nini, alifanya nini, ana umri gani, amekaa mahabusu muda gani, amekiri au amekana.

Ndiyo maana sheria imegawa. Ukikutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia, sheria yetu inasema kunyongwa mpaka kufa, hata kama Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 90. Kuua bila kukusudia, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, lakini chini ya hapo jaji ana uwanja mpana sana. Anaweza kutoa miaka 20, anaweza kutoa miwili. Aliyevizia mtu na kisu na aliyemsukuma mtu kwenye ugomvi wote wameacha maiti, lakini hawakufanya kitu kimoja.

Sasa niwaambie kwa nini hili linanikaa rohoni. Hili jambo limeingia nyumbani kwetu.

Mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwetu hakuna cha binamu, ni mdogo wangu, alikuwa na miaka 19. Jioni moja wakagombana na mwenzake kwenye meza ya pool, ugomvi wa shilingi elfu mbili. Mdogo wangu akamsukuma. Yule kijana, miaka 22, akaangukia kisogo kwenye ukingo wa mtaro. Aliamka, akatukana, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Usiku akaanza kutapika. Siku ya tatu akafariki hospitali.

Shtaka lilikuwa mauaji. Na mauaji hayana dhamana. Kila siku 14 anapelekwa mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi mahabusu. Mama mkubwa alikuwa anafunga duka lake la genge siku hizo anakwenda kumuona dakika chache akishushwa kwenye karandinga. Ikaenda hivyo miaka miwili na miezi minne. Wakati huo mtaani kwetu kulikuwa na nyumba mbili hazisalimiani, yetu na ya marehemu, na katikati ni njia ya kupita mkokoteni tu.

Kesi ilipofika Mahakama Kuu, wakili aliyepangiwa na mahakama (kwenye kesi za mauaji asiye na uwezo anapewa wakili, familia hailipi) alikaa naye akamuuliza swali moja: ulimsukuma au hukumsukuma? Akasema nilimsukuma. Ulitaka afe? Akasema hapana. Basi siku ya kusomewa shtaka akakana kuua kwa kukusudia, akakiri kuua bila kukusudia. Wakili wa serikali akasema upande wake hauna pingamizi. Maelezo yakasomwa, jaji akamuuliza kama ni kweli, akajibu ni kweli. Hakuna shahidi aliyeitwa. Akapewa miaka minne.

Jioni hiyo hiyo mtaa ulishatoa hukumu yake. Mama mkubwa kauza kiwanja, kamnunua jaji. Kiwanja kipo mpaka leo wadau, kina mahindi, mwenye shaka aje nimuoneshe. Lakini uvumi haulimi wala hauvuni, unakula tu.

Nawaelewa kwa nini watu wanafikiria hela. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya makubaliano ya kukiri kosa, na wengi wetu tulianza kulisikia neno hilo kwenye kesi za uhujumu uchumi. Septemba mwaka huo Rais akashauri washtakiwa wanaotaka kukiri na kurudisha fedha wapewe nafasi, tukaona watu wanakiri, wanalipa, wanatoka. Ikatukaa kichwani kwamba kupatana na upande wa mashtaka maana yake ni mfuko. Lakini kwenye sheria ile mahakama hairuhusiwi kukaa kwenye mazungumzo. Wanaozungumza ni mashtaka na mshtakiwa na wakili wake, halafu mahakama inakagua kama mtu amekiri kwa hiari yake na ameelewa anachokiri. Na kukiri kosa dogo badala ya kubwa, kama alivyofanya mdogo wangu, kulikuwepo kwenye mahakama zetu kabla hata ya sheria hiyo.

Haya, nisije nikaonekana mtetezi wa kila kitu. Kuna shimo hapo na nimeliona kwa macho. Mtu akikaa mahabusu miaka mitatu, minne, upelelezi haujakamilika, halafu anaambiwa ukikiri utapunguziwa, anaweza kukiri hata ambacho hakufanya, mradi ajue tarehe ya kutoka. Mdogo wangu alikuwa amelala na watu wa aina hiyo chumba kimoja. Huyo naye hajatendewa haki, na marehemu wake hajatendewa haki, maana muuaji wa kweli yuko mtaani anakunywa soda. Kwa hiyo tukitaka kupiga kelele, tupige hapo: upelelezi uishe mapema, wakili akutane na mteja wake mapema, siyo asubuhi ya kesi.

Na kundi la kwanza lina hoja moja ambayo siidharau. Muuza karanga na staa wapimwe kwa rula moja. Hilo ni la kudai usiku na mchana. Lakini mbona tunalidai kwa kutaka staa aongezewe, na siyo kwa kutaka muuza karanga aangaliwe vizuri kama staa alivyoangaliwa? Umri wa yule binti ulibishaniwa mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi. Ni vijana wangapi wa mtaani wanaandikwa miaka 18 kwa kukadiriwa sura, hakuna cheti cha kuzaliwa, na hakuna wa kubisha? Mimi huo ndio upendeleo unaoniuma.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike. Siku ya hukumu ya mdogo wangu, mama wa marehemu alikuwepo. Anauza dagaa sokoni, alikuja na kanga yake ya msibani. Tulipotoka kwenye korido nilikuwa karibu naye, nikasikia akimwambia shemeji yake maneno mawili. La kwanza: "Nilitaka nisikie kwa mdomo wake, nimesikia." La pili, baada ya hatua kama tano: "Minne. Wangu hana hata mmoja."

Yote mawili ni kweli, na mimi sina uwezo wa kuchagua moja nikalitupa la pili. Kukiri kulimpa kitu ambacho kesi ya kukana isingempa. Hakukaa miezi akisikia mawakili wakimchambua mwanae kwamba alikuwa mlevi, mgomvi, kichwa chake kilikuwa na tatizo tangu zamani. Alisikia "ni kweli, nilimsukuma", kukaisha. Lakini haikumrudishia mtoto, na hakuna jaji mwenye mamlaka hayo.

Tunachofanya sisi tukiandika "miaka minne tu" ni kumwambia yule mama kwamba serikali imempa risiti, na kwenye risiti mwanae kaandikwa bei ndogo. Tunamuumiza mara ya pili tukidhani tunamtetea. Halafu hukumu ikishatoka hakuna hata mmoja wetu anayekwenda kumjulia hali. Wale waliokuwa wakali kuliko wote kwenye kesi ya mdogo wangu, dagaa wananunua kwa mwingine kwa sababu kwake "pana huzuni".

Kwa hiyo wadau, hukumu nyingine ikitoka, na itatoka, kabla ya kuandika "tu" tafuta kwanza jaji alisema kwa nini. Sababu zinasomwa mbele ya watu, siyo siri, ila vichwa vya habari vinabeba namba peke yake. Ukiona sababu ni mbovu, piga kelele kwa sababu hizo, nitapiga na wewe. Na kama kweli unamlilia marehemu, ana mama yake. Mara nyingi yuko sokoni, na asubuhi huwa hana wateja wengi.

Nimemaliza. Mwenye la kwake aseme, ila matusi kwa familia za watu hapa hayapiti.