Kati ya Pafu na Mto

Aghalabu mng'ao humfikia mnunuzi ukiwa umekwisha kuoshwa na kufutwa. Mfereji wa maji, usukani wa baiskeli, bampa ya gari la kale linalosuguliwa kila Jumapili: vyote hivi huonyesha ule weupe wa kioo unaotokana na utando mwembamba wa kromu. Asiyewahi kulikaribia tangi ambamo utando huo huzaliwa hana sababu ya kudhani kwamba nyuma yake pana pua za watu na samaki wa mtoni. Hata hivyo, pua na samaki ndio kiini cha mjadala ambao umewatoa jasho wanakemia, watunga sheria na wenye karakana kwa zaidi ya miaka ishirini. Je, ni dawa gani itiwe katika tangi la tindikali ya kromu ili lisirushe sumu hewani, na dawa hiyo nayo isigeuke kuwa sumu?

Yafaa kwanza kueleza kinachotendeka ndani ya tangi lenyewe. Chembe za trioksidi ya kromu, zenye rangi nyekundu iliyokolea, huyeyushwa majini kwa kiasi cha takriban gramu 250 kwa kila lita, kisha huongezwa tindikali ya salfa kidogo sana, yapata sehemu moja kwa mia ya kromu hiyo. Kifaa cha kupakwa huning'inizwa humo na umeme ukapitishwa. Ajabu ni kwamba umeme huo ni mfanyakazi mvivu. Asilimia 10 hadi 20 tu ndiyo hutandaza kromu; sehemu kubwa iliyobaki huyapasua maji na kuzalisha haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Gesi hizo hupanda zikiwa viputo maelfu kwa maelfu, na kila kiputo kinapopasuka juu ya tangi hurusha matone madogo mno ya tindikali. Mfanyakazi aliyeinama kukitazama kifaa chake huyavuta matone hayo pamoja na pumzi.

Madhara yake yamejulikana kwa muda mrefu kuliko ufundi wenyewe. Mwaka 1827 daktari mmoja wa Glasgow, William Cumin, alieleza vidonda vilivyochimba mikono ya watia rangi waliotumia chumvi za kromu. Mwaka 1890, katika mji uo huo, iliripotiwa saratani ya pua ya mfanyakazi wa rangi za kromu. Upakaji kromu kwa umeme ulipoanza kuenea katika miaka ya 1920, haukuchukua muda kuwaumiza watu: mwaka 1928 Bloomfield na Blum walichapisha nchini Marekani uchunguzi uliobaini majeraha ya pua miongoni mwa wapakaji, yakiwemo matundu katika ukuta unaotenganisha mianzi miwili ya pua. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kromu ya valensi sita katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani kwa binadamu. Kiwango halali hewani kazini nchini Marekani kiliteremshwa mwaka 2006 hadi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, kutoka 52.

Hapa mwanalugha ana jambo la kuongeza, na si dogo. Waingereza huliita tatizo hili kwa neno lenye maana ya moshi au mvuke. Lakini tangini hamna moshi, wala si mvuke unaosumbua. Ni manyunyu. Tofauti hii si ya mapambo ya kamusi. Anayefikiri kwamba anapambana na moshi huwaza dohani tu, amwondolee jirani kero juu kwa juu. Anayejua kwamba adui ni tone lililorushwa na kiputo huuliza swali jingine kabisa: kiputo kifanyweje ili kipasuke kwa upole? Kiswahili, ambacho hutenga ukungu, umande, manyunyu na rasharasha, kingeweza kumpa fundi jina la haki zaidi la ugonjwa wa tangi lake. Basi na iitwe dawa ya kuzuia manyunyu.

Dawa hiyo hufanya kazi kwa kulegeza mkazo wa uso wa majimaji. Mkazo wa maji safi ni kama daini 72 kwa sentimita. Ukiteremshwa hadi karibu na nusu, viputo huwa vidogo, hupanda polepole na hupasuka bila kishindo. Pengine povu nalo hutanda juu kama blanketi. Sabuni ya kawaida pia hulegeza mkazo. Mbona basi isitumike sabuni? Kwa sababu tindikali ya kromu huunguza takriban kila kitu chenye asili ya mafuta, na sabuni ingeliwa mara moja. Ilihitajika molekuli ambayo tindikali hiyo haiwezi kuing'ata. Ikapatikana: PFOS, mnyororo wa atomu nane za kaboni zilizovikwa florini kila upande. Muungano wa kaboni na florini ni miongoni mwa miungano yenye nguvu zaidi katika kemia ya kaboni. Tangi likachemka, dawa ikabaki, pua zikapona.

Sifa iliyofanya dawa hiyo inunuliwe ndiyo iyo hiyo iliyoihukumu. Kisichoweza kuliwa na tindikali kali, moto moto, yenye umeme, hakiwezi kuliwa na vijidudu vya mtoni wala na ini la samaki. Kampuni ya 3M, iliyokuwa mtengenezaji mkuu, ilitangaza Mei 2000 kwamba ingeacha kuitengeneza. Mwaka 2009 PFOS iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004. Hata hivyo upakaji kromu ulipewa msamaha, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa vigumu kuiacha. Msamaha huo ulibanwa mwaka 2019, ukabakia kwa upakaji mgumu katika mifumo isiyomwaga nje. Nchini Marekani matumizi yake katika matangi ya kromu yalikoma kisheria Septemba 2015.

Kukoma kisheria ni jambo moja, kukoma mtoni ni jingine. Agosti 2018 watu wa jimbo la Michigan waliambiwa wasile samaki wa Mto Huron kwa sababu ya PFOS. Chanzo kikuu kilifuatiliwa hadi karakana ya kupaka kromu vipande vya magari katika mji wa Wixom. Dawa ilikuwa imekwisha kubadilishwa, lakini masalia yake yalikuwa bado yanavuja, hadi maji machafu yalipoanza kupitishwa katika chujio za makaa na kiasi kikashuka sana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 katika karakana kadhaa za jimbo hilo ulithibitisha hali hiyo: dawa mpya hazikuwa na PFOS, ilhali maji yaliyotoka bado yalikuwa nayo.

Je, dawa hizo mpya zilikuwa na nini? Nyingi zilikuwa na binamu yake aitwaye 6:2 FTS, ambaye ana kaboni sita zilizovikwa florini badala ya nane. Haelekei kujilimbikiza mwilini kama PFOS, na hilo si haba. Lakini akivunjika huacha vipande vyenye florini visivyovunjika tena. Uchina nako kulikuwa na binamu mwingine tangu miaka ya 1970, F-53B. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mwili wa binadamu huhitaji yapata miaka 15 kuiondoa nusu ya kiungo chake kikuu, muda mrefu kuliko ule wa PFOS yenyewe. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Ndiyo maana lebo isemayo "Haina PFOS" yapasa kusomwa kama mwanasarufi asomavyo kikanushi. "Haina" hueleza kilichotolewa. Haisemi neno juu ya kilichotiwa. Mnunuzi wa karakana aulize "Ina nini?", na muuzaji akijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara, jibu hilo nalo ni habari.

Zipo dawa zisizo na florini kabisa. Udhaifu wake ni kwamba huliwa na tindikali, hivyo fundi hulazimika kuziongeza mara kwa mara na kuupima mkazo kila wakati, na zinapoliwa hugeuza sehemu ya kromu sita kuwa kromu tatu, ambayo ikizidi huharibu kazi. Katika matangi ya mapambo, yenye joto la wastani na vifaa vinavyokaa dakika chache, udhaifu huo huvumilika. Katika upakaji mgumu wa saa nyingi ni mzigo mzito. Ila pana haki fulani katika udhaifu huo: mzigo unamwangukia mwenye tangi, badala ya mvuvi wa chini ya mto.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba suluhisho ni kuitupa dawa leo na kumwacha kijana wa karakana akivuta manyunyu kwa heshima ya samaki. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na asiyevuta hewa hiyo asiwe mwepesi wa kuamua shari ipi ndiyo nusu. Vifuniko, mipira ya plastiki inayoelea juu ya majimaji, na mashine za kufyonza hewa pembeni mwa tangi vinapaswa kutangulia, dawa ikapunguzwa baadaye. Na kabla ya hayo yote kuna swali ambalo wauzaji wa dawa hawana sababu ya kuliuliza: je, kromu sita inahitajika hata kidogo? Kwa mapambo, matangi ya kromu tatu yamekuwa sokoni tangu miaka ya 1970. Mwaka 2023 jimbo la California lilipitisha kanuni za kukomesha kromu sita katika mapambo kuanzia 2027, baadhi ya karakana zikiruhusiwa hadi 2030, na katika kazi ngumu kufikia 2039.

Anayebadilisha dawa bado ana tangi kuukuu la kushughulikia. PFOS hung'ang'ania ngozi ya plastiki iliyo ndani ya tangi, mabomba, na tope la chini. Kumimina dawa mpya juu ya hayo ni kuuendeleza mto ule ule. Tangi humwagwa, hukwanguliwa na kuoshwa, maji ya kuoshea yakapitishwa katika makaa, na makaa yaliyokwisha kunywa sumu yakapelekwa kunakoweza kuchomwa kwa joto kali mno. Anayeingia humo na brashi na ndoo ni yule yule aliyekuwa akiinama juu ya viputo.