Barua kutoka Kilwa Masoko: Kabla Hujaing'oa Diski ya Zamani

Kwako mdogo wangu,

Huku Kilwa joto ni kali, lakini upepo wa bahari unatuhurumia. Ulisema unakwenda Pangani kuishughulikia kompyuta ya ofisi ya shule, ile yenye diski mbili, ukataka nikueleze namna ya kuhamisha patisheni ya kubutia kutoka diski ya zamani kwenda SSD mpya. Umeuliza kwa wakati wake, maana kazi iliyonileta huku ni hiyohiyo. Basi kaa vizuri nikusimulie, safari na kazi kwa pamoja.

Tuliondoka Mbagala alfajiri. Tulipopita Ikwiriri tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na wazee ndani ya basi wakaanza kukumbushana enzi za kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, jinsi abiria walivyokuwa wakilala kandokando ya mto wakingoja zamu. Somanga dereva akatupa nafasi ya kula, na samaki wa kukaanga wa pale hawana mfano. Nangurukuru tukaiacha barabara ya Lindi, tukakata kushoto kuelekea Masoko. Begi la vifaa nililipakata njia nzima: bisibisi, waya za SATA, diski ya nje ya kuwekea nakala, na flashi yenye Windows.

Mgonjwa wangu ni kompyuta iliyoko kwenye steshenari moja mjini. Mama mwenye duka anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia vijana maombi ya mikopo ya chuo na ya vyeti vya kuzaliwa. Mashine hiyo ikilala siku moja, watu wengi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ndani ina diski ya zamani ya kuzunguka na SSD ambayo fundi mmoja aliiongeza, akaweka Windows humo. Diski ya zamani imeanza kugonga: tik, tik, kimya kidogo, kisha tik tena. Ukiusikia mlio huo, ujue siku zake zinahesabika. Mama alitaka iondolewe, na kila aliyejaribu kuichomoa alikuta kompyuta haiwaki kabisa. Kioo kinabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe unaomwambia achague kifaa sahihi cha kuwashia.

Sababu yake, mdogo wangu, ndiyo kiini cha barua hii. Kompyuta yenye UEFI, ile programu ya ubao inayoamka kwanza, ikiwashwa haiendi moja kwa moja kwenye Windows. Kwanza inatafuta patisheni ndogo yenye fomati ya FAT32, ile iitwayo EFI, na humo inachukua faili la kuanzishia. Faili hilo ndilo linaloiita Windows. Kwa kawaida patisheni hiyo ni ya MB 100 tu na haina herufi, kwa hiyo ukifungua orodha ya diski zako huioni. Sasa, kama diski ya zamani imechomekwa wakati unaweka Windows kwenye SSD, na tayari ina patisheni ya EFI, mara nyingi Windows huitumia hiyohiyo badala ya kutengeneza nyingine. Ni kama mtu aliyehamia nyumba mpya akauacha ufunguo kwa jirani: jirani akisafiri, nyumba ipo na vyombo vipo, ila hakuna anayeingia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama. Bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, usome kila diski mstari kwa mstari. Pale dukani palikuwa wazi: C ilikaa Disk 1, EFI ilikaa Disk 0, ile inayogonga. SSD haikuwa na EFI yoyote. Ukiona hivyo, usiguse waya hata mmoja.

Kazi ya pili ni nakala. Diski inayokufa usiifanyishe kazi mbili kwa wakati mmoja. Toa kwanza mali ya watu. Niliacha kompyuta ikinakili picha na nyaraka za mama kwenda diski ya nje, ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi kama hii unaweza kujuta. Kwa kuwa zoezi lilikwenda polepole, nikapanda mashua kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Nimeuona Msikiti Mkuu, matao yake na nguzo zake, na Husuni Kubwa iliyoko juu ya mwamba ikiitazama bahari. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, na tangu 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, ni urithi wa dunia. Usife bila kufika. Niliporudi nakala ilikuwa imekamilika, na nilifungua mafaili kadhaa kuhakikisha kwamba yanasomeka kweli. Kama kompyuta ya Pangani imefungwa kwa BitLocker, hakikisha shule wanayo namba ya kuifungulia, ile ya tarakimu 48, na uisimamishe kwanza BitLocker kabla hujaanza.

Kazi ya tatu ndiyo yenyewe, nayo ni fupi. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Tazama safu ya Gpt: SSD lazima iwe na nyota, yaani imepangwa kwa GPT. Soma na ukubwa wa kila diski, uandike kwenye karatasi ipi ni ipi, kwa sababu diskpart haikuulizi mara mbili. Halafu nenda hivi:

select volume c
shrink desired=300
create partition efi
format quick fs=fat32 label=System
assign letter=S
exit

Umeikata C kidogo, ukapata nafasi, ukajenga humo patisheni mpya ya EFI juu ya SSD yenyewe. MB 300 zinatosha. Sasa uijaze:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Amri hii inanakili mafaili ya kuwashia kutoka ndani ya Windows, inaandika upya orodha ya mifumo, na inaiambia UEFI kwamba kuna mahali papya pa kuanzia. Ndiyo maana huhitaji kuburuta chochote kutoka diski ya zamani: patisheni ya kubutia hujengwa upya mahali papya, na ile ya zamani unaiacha ilivyo mpaka mpya ithibitike.

Kisha zima kabisa, ondoa waya wa umeme ukutani, chomoa waya wa data wa diski ya zamani, washa. Mama alisimama nyuma yangu na wateja wawili wenye fomu mikononi. Kioo kikawaka, alama ya Windows ikatokea, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mlio wowote ndani ya kasha. Nilizima na kuwasha tena mara kadhaa, nikaingia UEFI kuhakikisha Windows Boot Manager ya SSD ndiyo ya kwanza. Hata hivyo diski ya zamani sikuifomati. Nimeifunga kwenye bahasha, nikaandika tarehe, nikamwambia mama aitunze kabatini kwa muda.

Unaweza kukuta Pangani mambo tofauti. Kama mashine ni ya zamani na inatumia BIOS na MBR, hakuna EFI. Kinachoanzisha kazi ni sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, na ndani yake meza ya patisheni nne. Hapo patisheni ya kuwashia inawekwa alama ya active, na bcdboot unaiandikia /f BIOS. Ikiwa ubao wake unaikubali UEFI, Windows 10 tangu toleo la 1703 inayo mbr2gpt, inayoigeuza diski bila kufuta kitu. Ila nakala bado ni lazima.

Na kama ni Linux, kumbuka kwamba majina kama sda na sdb hubadilika ukihamisha waya. Andika UUID kwenye /etc/fstab, blkid itakuonyesha. Baada ya hapo weka upya GRUB kwenye diski mpya kwa grub-install, kisha update-grub kama ni Debian au Ubuntu.

Ninakusisitizia haya kwa sababu nimeona kompyuta nzima zikitupwa stoo, watu wakiamini zimekufa, kumbe kilichokosekana ni hizo MB 100. Shule haina fedha za kununua nyingine kila mwaka. Fundi anayetazama kwanza, akanakili, akajenga, akajaribu, ndipo akaondoa, anawaokolea watu mali na muda. Mpangilio huo usiupindue hata kama mwalimu mkuu ana haraka.

Kesho naelekea Lindi kwa kazi nyingine, mtandao utakuwepo. Ukifika Pangani, kabla ya kufungua kasha, piga picha ya list disk na ya diskmgmt unitumie. Tutazisoma pamoja kwa simu, halafu uanze. Wasalimie wazee, na mwambie mama yetu nitapita Tanga mwezi ujao, Mungu akijalia.

Wako,
Kaka