Gitaa, msasa na milisekunde

Wasomaji wangu mnajua kwamba hapa huwa tunaongea kuhusu programu, Linux na maudhi ya kuandika kodi. Leo nivumilieni kidogo, naingiza gitaa. Msikimbie, tarakilishi imo ndani, tena tele.

Mjomba wangu kule Kakamega anapiga omutibo, ule mtindo wa gitaa kavu wa Magharibi mwa Kenya: kidole gumba kinatembea kwenye besi, cha shahada kinaimba juu, na mtu wa kando anagonga chupa ya soda. Marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, ndiye jina kubwa la mtindo huo. Mjomba ana nyimbo zake mwenyewe ambazo hazijawahi kurekodiwa popote, na viungo vya vidole vyake vimeanza kukakamaa. Kuna asubuhi hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Kwa hiyo najifunza nikiwa na haraka, na bajeti yangu ilikuwa shilingi 12,000, basi.

Ukiingia duka la ala na pesa kama hizo ukasema wewe ni mwanafunzi, utaonyeshwa amplifaya ndogo yenye kitufe cha kukwaruza sauti. Sikuitaka. Muziki huu unadai sauti safi, na mimi hufanya mazoezi saa nne usiku katika nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na mama mwenye mtoto mchanga. Amplifaya ya nini?

Pesa ya kwanza ilikwenda kwenye gitaa lenyewe: seti ya nyuzi nyembamba na karatasi ya msasa, jumla shilingi 1,300. Magitaa mengi ya bei nafuu huuzwa nyuzi zikiwa juu mno kutoka kwenye shingo, unabonyeza mpaka vidole vinalia. Langu nililipima kwa rula kwenye freti ya 12, nikapata milimita 3.5 chini ya uzi mnene. Nikachomoa kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi pale kwenye daraja, nikakisugua upande wa chini. Hesabu yake ni tamu: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukipunguza milimita 2 darajani, katikati inashuka 1 tu. Sugua kidogo, rudisha, pima tena, maana kilichosuguliwa hakirudi. Ilikuwa kazi ya jioni moja, na sijanunua kifaa kingine kilichobadilisha mazoezi yangu kiasi hicho.

Halafu sauti iingie kwenye tarakilishi. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue aliniungia waya kwenye kisahani cha piezo, vile vinavyotumika katika ving'ora vidogo, kwa shilingi 300, nami nikakibandika chini ya daraja. Kisahani hiki ukikichomeka kwenye tundu la maikrofoni la laptop, besi inatoweka. Chenyewe kinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaohm 1, na lile la maikrofoni lina kiloohm chache tu. Omutibo bila besi ni nusu wimbo. Ndiyo maana nilitafuta kadi ya sauti ya nje, ya USB, iliyokwisha kutumika, yenye tundu la gitaa. Shilingi 6,500. Nyuzi nazikandamiza kwa kipande cha sifongo karibu na daraja, jirani analala, na mimi nasikia kila kitu kwenye hedifoni.

Hedifoni za waya, tafadhali. Za Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, unapiga sasa unasikia baadaye, kidole gumba kinapotea njia. Hata kwa waya, angalia bafa. Sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23, sawa na kusimama mita 8 kutoka kwa spika. Sampuli 256 ni milisekunde 6 hivi, mita 2. Na hapo ni kuingia tu, kutoka nako kuna gharama yake. Mimi natumia Guitarix na JACK, programu huria zote mbili, bafa ikiwa 128. Laptop yangu kuukuu inahema lakini inafika.

Nilipolipa 1,800 za hedifoni nikabaki na 2,100. Rafiki mmoja alinishauri niongeze kidogo nipate pedali. Nikanunua seti nyingine ya nyuzi nyembamba, nikaituma Kakamega kwa basi. Mjomba alikuwa akipiga nyuzi nene zilizoota kutu, sijui za mwaka gani. Siku ya pili akanipigia simu: "Mpwa wangu, kumbe si mkono peke yake, na nyuzi nazo zilikuwa zinaniua." Sasa anaweza kupiga nusu saa kabla vidole havijagoma.

Zamani alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Ujumbe huo unabanwa kwa ajili ya mazungumzo, gitaa linafika kama liko ndani ya debe. Binti yake sasa anarekodi kwa programu ya kurekodi ya simu na kutuma faili zima kama dokumenti. Mimi nalifungua kwa Audacity, napunguza mwendo hadi asilimia 60 bila kushusha sauti, napiga nalo sambamba.

Mpaka leo nina nyimbo saba. Ya nane anakataa kuirekodi, anasema kuna mahali mkono wa kushoto unafanya jambo ambalo lazima nilione kwa macho. Disemba napanda basi, kadi ya sauti mkobani. Kama kuna msomaji anayejua jinsi ya kuzuia ule mvumo unaotoka kwenye kisahani chaja ya laptop ikiwa imechomekwa, aniandikie kabla ya hapo.