Kwa Dorothy Day Hapakuwa na Tarehe ya Kuondoka

Gazeti lilitangulia, nyumba ikafuata. Tarehe 1 Mei 1933, Marekani ikiwa taabani kwa mdororo wa uchumi, Dorothy Day na wenzake wachache waliingia Union Square, New York, kuuza toleo la kwanza la The Catholic Worker. Nakala 2,500, gharama ya uchapaji dola 57. Peter Maurin, Mfaransa mzururaji aliyekuwa na mawazo mengi kuliko mashati, alihimiza gazetini kwamba kila parokia iwe na nyumba ya ukarimu ya kumpokea asiye na pa kulala. Yalikuwa maandishi tu.

Ndipo akatokea msomaji. Alikuwa mwanamke ambaye, pamoja na mwenzake, alikuwa akilala kwenye treni za chini ya ardhi, mpaka mwenzake huyo alipojitupa mbele ya treni akafa. Alikuwa amesoma habari za nyumba za ukarimu, akataka kujua ziko wapi. Day, mwandishi wa habari aliyekuwa akimlea binti yake peke yake, hakuwa na la kujibu ila kwenda kupanga fleti. Aliisimulia habari hiyo mwenyewe katika kitabu chake Loaves and Fishes cha mwaka 1963, nasi tukikisoma twaona kwamba kazi ya miaka karibu hamsini ilianza kwa haya: haya ya kuchapisha jambo ambalo bado hujalitenda.

Kuanzia 1936 makao yao yalikuwa 115 Mott Street. Asubuhi mamia ya wanaume walipanga foleni barabarani wakingojea kahawa na mkate. Waliolala ndani hawakuulizwa dini wala sababu ya kufilisika kwao. Mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii alipotaka kujua wageni huruhusiwa kukaa kwa muda gani, Day alimjibu kwamba hukaa daima: wanaishi humo, wanafia humo, na wenyeji wao ndio wanaowazika.

Jibu tamu kwa msikilizaji, chungu kwa mwenye kufua mashuka. Kunguni walikuwapo, wizi ulikuwapo, na walevi walipigana ngazini. Vijana wa kujitolea walikuja na ari, wengine wakaondoka kimya. Binti yake, Tamar, alikulia katika vurugu hizo, na mtu ana haki ya kujiuliza kama mama aliyefungulia mji mzima mlango alibakiwa na chumba cha mwanawe.

Kwenye fedha ndiko alikowashangaza hata waliompenda. Siku moja mhisani alileta pete ya almasi. Day akampa bibi kizee aliyezoea kuja kula pale. Mtu akanung'unika: si ingeuzwa ikalipia kodi ya nyumba ya bibi mwaka mzima? Day akasema bibi ana hadhi yake, akitaka ataiuza, akitaka ataivaa, kisha akauliza kama Mungu aliumba almasi kwa ajili ya matajiri peke yao. Mhasibu yeyote angemfukuza kazi.

Mwaka 1956, nyumba yao ya wakati huo, iliyokuwa Chrystie Street, ilionekana na wakaguzi kuwa hatari kwa moto. Mahakama ikamtoza Day faini ya dola 250, kama vile yeye ni mmoja wa wenye majengo wanaonyonya wapangaji. Alipokuwa akitoka kwenda mahakamani, mwanamume mmoja mwenye nguo zilizojikunja alimsogelea kati ya watu wa foleni, akamtia karatasi mkononi akisema ni mbili na hamsini. Day akashukuru, akidhani ni dola mbili na senti hamsini. Alipoitazama akiwa ndani ya treni aliona hundi ya faini nzima. Yule aliyemdhania fukara alikuwa mshairi W. H. Auden.

Jengo hilo baadaye lilichukuliwa na jiji kupisha ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Fidia ilichelewa, na mwaka 1960 ilipolipwa ilikuja na riba ya dola 3,579.39. Day akairudisha riba yote kwa jiji, akifuata katazo la kale la Kanisa dhidi ya riba. Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji kufafanuliwa; huko New York watu waliduwaa.

Safari ndefu ya mwaka 1970 ilimpitisha Kolkata kwa Mama Teresa, kisha Tanzania. Ujamaa wa Nyerere ulimvutia, naye akaeleza habari zake katika safu yake gazetini. Si ajabu: Maurin naye alikuwa ameota mashamba ambako msomi na kibarua wangelima pamoja.

Miaka miwili baadaye mamlaka ya kodi ya Marekani ikamdai dola 296,359, maana hakuwahi kusajili shughuli zake kama shirika la hisani. Angeweza kujaza fomu yakaisha. Alikataa, akishikilia kwamba kumlisha mwenye njaa hakuhitaji kibali cha serikali. Magazeti yakapiga kelele, na mamlaka ikalifuta deni hilo.

Nyumba yake ya mwisho, Maryhouse, ilikuwa shule ya muziki kabla ya kugeuzwa makazi ya wanawake wasio na makao. Day alikuwa na chumba chake humo, na humo alifariki tarehe 29 Novemba 1980 akiwa na miaka 83. Jikoni hawakufunga: foleni yao ya supu ya East First Street, mitaa miwili tu kutoka hapo, iliendelea kuhudumiwa.