Rangi ya Kamba na Dawa ya Mama

Kwetu Kilwa Kivinje, mtoto huijua ajabu ya kamba kabla ya kujua kusoma: hutumbukizwa chunguni akiwa na rangi ya kijivu, akatoka mwekundu. Wekundu huo ulikuwamo tangu mwanzo. Ni rangi iitwayo astazanthini, iliyo ya ukoo mmoja na rangi ya embe na boga. Ilifungwa ndani ya protini, na joto likaifungua.

Mwaka jana kaka yetu aliyeko Maskati alimletea mama vidonge vya rangi hiyo. Mama ana pumu, naye humeza aminofilini kila siku. Sisi wanawe tulifurahi. Kama kamba ni chakula chema, kidonge chake kitadhuru nini? Mama alipoulizwa na tabibu kama anatumia kitu kingine, alijibu, “Situmii.” Hakukusudia uongo, kwake vile vilikuwa chakula. Nasi tulioketi kando yake tukanyamaza.

Baadaye tulisoma, tukaingiwa na hofu. Ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa ili mwili uitoe. Watafiti waliowalisha panya astazanthini kwa wingi waliona baadhi ya vimeng'enya hivyo vikiongezeka, ilhali rangi ya karoti haikufanya hivyo. Vimeng'enya vya kundi hilo ndivyo vinavyoivunja dawa ya mama. Moshi wa sigara nao huvichochea, na ndiyo maana mvutaji huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi cha dawa hiyo.

Panya si mama yetu, wala sahani ya kamba si chupa ya vidonge. Hata rangi ya karoti ilikuja na onyo lake: mwaka 1994 ilibainika nchini Finland kuwa wavutaji sigara waliomeza vidonge vyake walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi, si kwa uchache.

Tukarudi kwa tabibu, chupa mkononi. Mama aliona haya. Tukasema kosa ni letu. Tabibu alivisimamisha vidonge, akaiacha dawa, na kamba akawaruhusu.

Ndugu wasomaji, mwili ni amana, na ukweli mbele ya tabibu ni sehemu ya kuitunza. Mtajieni kila kinachomezwa nyumbani, hata kilicholetwa kwa mapenzi. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.