Neema Isifike Bila Amani: Juu ya Alama % Ndani ya Adresi za Intaneti



Wengi kati yenu munauliza sababu gani adresi za intaneti zinajaa alama kama %20 ao %C3%A9. Wengine wanasema ni siri, wengine wanasema ni virusi. Si siri, si virusi. Ni hesabu tu, na mutu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuifanya, hata siku umeme haupo.

Tuanze na sheria. Ile inayofuatwa leo inaitwa RFC 3986. Ilitoka mwaka 2005, na Tim Berners-Lee, mwenye kubuni Web, ni mmoja wa watu watatu walioiandika. Inatuachia kuandika bila wasiwasi herufi A mpaka Z, kubwa na ndogo, namba 0 mpaka 9, na alama ine: - . _ ~ basi. Alama kama / ? & = ziko na kazi yao ndani ya adresi. Kwa mfano, = inatenga jina la ulizo na jibu lake, na & inatenga jibu moja na lingine. Nafasi tupu, hiyo hairuhusiwi hata kidogo.

Sasa, tuseme mutu anatafuta «neema & amani», maneno tunayoyajua katika salamu za Paulo. Akiandika ?neno=neema & amani hivi hivi, mashini ya mbali ikiona & inafikiri jibu limeisha pale. Inapokea neema, amani inabaki inje. Na hatari ni hii: mara nyingi hakuna kinacholalamika. Jibu linakuja, lakini si jibu la ulizo lako.

Dawa yake ni nyepesi. Kila alama iko na namba yake. Tunaandika ile namba katika hesabu ya msingi wa 16, na mbele yake tunatia %. Nafasi tupu ni 32: 16 mara 2, inabaki 0, basi %20. Alama & ni 38: 16 mara 2, inabaki 6, basi %26. Alama + ni 43: inabaki 11, na 11 inaandikwa B, basi %2B. Herufi é, kwa kanuni ya UTF-8, inachukua okteti mbili, 195 na 169. Fanyeni hesabu wenyewe, mutapata %C3%A9.

Katika luga ya Python hatufanyi kwa mikono:

from urllib.parse import quote, unquote
quote("neema & amani", safe="")

Inajibu neema%20%26%20amani. Unquote inarudisha maneno kama yalivyokuwa. Yale safe="" yana maana, sababu bila hayo quote inaacha alama / bila kuigeuza.

Lakini chombo hakitoshi, tunapashwa kushika utaratibu. Wa kwanza: geuza kila kipande peke yake, kisha unganisha adresi. Ukigeuza adresi nzima kwa namna ile, hata alama zenye kazi zitafungwa. Wa pili: wakati wa kusoma, kata vipande kwanza, kisha rudisha herufi. Ukirudisha kwanza, ile %26 inakuwa & tena, na amani inakatwa mara ya pili. Wa tatu: geuza mara moja tu. Alama % yenyewe ni %25. Kwa hiyo %20 ikigeuzwa tena inakuwa %2520, na msomaji atapata %20 pahali pa nafasi tupu.

Pengine mutasema: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, sisi wafinalisti kuliko wote. Leo vyuo vikuu vingi vinaandikisha watu kwa fomu za intaneti. Namba zetu za simu zinaanza na +243. Katika majibu ya fomu, + inasomwa kama nafasi tupu. Mwenye kutengeneza programu asipoigeuza kuwa %2B, namba inafika bila +. Na kijana anayeitwa Désiré, kama zile okteti mbili zinasomwa kwa kanuni nyingine ya zamani, anaandikwa DÃ©sirÃ©. Jina hilo haliko sawa na lile la diploma yake. Nani atapanga mustari kwenye ofisi ili kusahihisha? Si programu. Ni Désiré.

Neno moja tena. Kwa kuwa si siri, musiweke neno la siri ndani ya adresi mukifikiri % inalificha. Kila mutu anaweza kulirudisha. Vile vile, mukitumiwa adresi ndefu yenye % nyingi, irudisheni kwanza kwa unquote, ao kwa kalamu, muone inataja nini mbele ya kuifungua.

Wandugu wa klasi za chini, munaojifunza programu kwa mashini chache tulizo nazo, jina la mutu ni kitu alichopewa na wazazi wake. Lifikishe lote, pamoja na aksenti yake.

Ni mimi, mkubwa wa wanafunzi, klasi ya mwisho.